Kumsomesha mtoto nyumbani Uingereza: mwongozo kamili kuanzia uamuzi hadi chumba cha mtihani

Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili hapa Uingereza, na hasa wale wanaofanya kazi za zamu hospitalini na katika nyumba za kulea wazee, hukwama mahali pale pale wanapoamua kumtoa mtoto shuleni. Huanza kwa kuandika barua, kisha hununua vitabu, na miaka miwili baadaye hugundua kwamba hakuna kituo cha karibu kinachokubali kumfanyisha mtoto wao mtihani. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: barua inakuja katika hatua ya nne, baada ya mambo yanayoamua kama iandikwe au isiandikwe.

Yote yaliyomo humu yanahusu England peke yake. Kwa Scotland, kwa mfano, mtoto aliyekwisha kusoma katika shule ya umma hawezi kutolewa bila idhini ya halmashauri, na huko mzazi asifuate hatua ya nne kama ilivyoandikwa hapa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na pasipoti au kitambulisho kingine chenye picha, kwa sababu kituo cha mitihani kitakidai.
- Ripoti za shule za miaka miwili ya mwisho, pamoja na barua zozote kuhusu mahitaji maalumu ya kujifunza.
- Ratiba ya kazi ya kila mtu mzima wa nyumbani, iliyoandikwa kwa muda wa wiki 4 mfululizo.
- Anwani ya baruapepe utakayoitumia kwa mambo ya elimu ya mtoto tu, ili mawasiliano yote yakae mahali pamoja.
- Kadi ya maktaba ya mtaa, kompyuta moja inayofanya kazi, na intaneti isiyokatika.
- Daftari gumu la kuandikia kumbukumbu za kila wiki.

Cheti cha ualimu hakimo katika orodha hii kwa sababu sheria haikidai. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamtaka mzazi wa mtoto aliye katika umri wa lazima ahakikishe kwamba mtoto huyo anapata elimu ya muda wote, yenye tija, inayofaa umri wake, uwezo wake, vipaji vyake na mahitaji yake maalumu kama anayo, ama kwa kuhudhuria shule ama kwa njia nyingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayokupa haki ya kumsomesha nyumbani. Umri wa lazima huanza katika muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 5, na humalizika Ijumaa ya mwisho ya Juni katika mwaka wa shule ambao anatimiza miaka 16.

## Hatua ya 1: Pima kama tatizo linatibika shuleni

Andika kwa sentensi moja sababu ya kutaka kumtoa mtoto, kisha jiulize kama sababu hiyo itatoweka siku atakapoacha kwenda shule. Mtoto anayeonewa na wenzake ataacha kuonewa. Mtoto asiyeweza kusoma vizuri akiwa na miaka 9 atakuja nyumbani na tatizo hilo hilo, na safari hii wa kulitatua utakuwa wewe.

Kama shida ni uonevu, andika malalamiko rasmi kwa mwalimu mkuu, na usiporidhika uyapeleke kwa bodi ya shule. Kama shida ni mahitaji maalumu, iombe halmashauri kwa maandishi ifanye tathmini ya kumpatia mtoto mpango rasmi wa elimu, afya na matunzo, unaojulikana kwa kifupi EHCP. Ni rahisi zaidi kuyapata mambo haya mtoto akiwa bado shuleni, kwa kuwa walimu ndio wenye ushahidi.

Kuna onyo kubwa hapa. Baadhi ya wazazi huitwa na shule na kuambiwa kwa upole kwamba ni afadhali wamtoe mtoto "kwa hiari" kabla hajafukuzwa, ili rekodi yake isichafuke. Shule hairuhusiwi kumsukuma mzazi hivyo, na wakaguzi wa Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule, hulihesabu jambo hilo kuwa kosa la shule. Mtoto anayefukuzwa rasmi huwa na haki ya kesi yake kupitiwa na bodi, na halmashauri hubaki na wajibu wa kumtafutia elimu. Mtoto aliyetolewa kwa barua ya mzazi hana lolote kati ya hayo. Ukiletewa barua iliyokwisha kuandikwa na kuambiwa utie sahihi, usitie.

Hatua hii imekamilika utakapoweza kumweleza mwenzi wako, kwa maneno machache, ni jambo gani nyumbani kutaliweza ambalo shule imeshindwa. Na mwenzi huyo lazima akubali: mzazi mwingine mwenye haki za kisheria juu ya mtoto akipinga, suala linaweza kuishia mahakamani.

## Hatua ya 2: Hesabu saa na pesa

Chukua ile ratiba ya wiki 4. Kwa kila siku ya kazi, andika ni mtu mzima gani atakuwa nyumbani, macho, kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana. Neno "macho" nimeliweka kwa makusudi, maana mama aliyetoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi yuko nyumbani kwa mwili tu, na mpango unaomtegemea yeye kufundisha hesabu saa nne utavunjika kabla ya mwezi kwisha. Si lazima masomo yafanyike asubuhi; sheria haikuweka saa wala siku, na familia nyingi za zamu husoma alasiri na Jumamosi. Kinachotakiwa ni kwamba saa hizo ziwepo na zijulikane.

Mwongozo wa Wizara ya Elimu unataja kwamba watoto wa shule hufundishwa takriban saa 4.5 hadi 5 kwa siku, kwa siku kama 190 kwa mwaka. Nyumbani hulazimiki kuifikia hesabu hiyo, kwa kuwa mtoto anayefundishwa peke yake hapotezi muda wa kusubiri wenzake 29, lakini ni kipimo kizuri cha kukuzuia usidhani kwamba saa moja ya katuni za sayansi imetosha.

Upande wa pesa, serikali haitoi chochote kwa mzazi anayesomesha nyumbani. Vitabu, walimu wa ziada na ada za mitihani ni juu yako, na chakula cha bure cha shuleni hukoma. Posho ya mtoto, kwa wanaoistahili, huendelea baada ya miaka 16 iwapo elimu ya nyumbani ilianza kabla ya umri huo. Ukianza baada yake, kwa kawaida hukatika. Jumlisha na mshahara utakaopotea kama mmoja wenu atapunguza zamu. Ukiona wiki 2 au zaidi kati ya zile 4 hazina mtu wa kutegemewa, ushauri wangu ni kuacha hapa na kumwimarisha mtoto kwa masomo ya jioni huku akiendelea na shule.

## Hatua ya 3: Anza na mtihani wa mwisho, urudi nyuma

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowagharimu watoto. Nyumbani huna wajibu wa kufuata mtaala wa taifa, na uhuru huo huwafanya wazazi wasahau kwamba akiwa na miaka 16 mtoto atagonga mlango wa chuo, na chuo kitaomba alama. Vyuo vingi vya A-level (masomo ya miaka 16 hadi 18) hutaka angalau masomo 5 ya GCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wenye alama za 1 hadi 9, yenye alama ya 4 au zaidi, yakiwemo Kiingereza na Hisabati. Asiyefikia 4 katika masomo hayo mawili ataendelea kuyasoma chuoni sambamba na kozi yake.

Shuleni mtoto angefanya GCSE. Akiwa nyumbani atakuwa mtahiniwa wa kujitegemea, na baadhi ya masomo ya GCSE humpa taabu kwa sababu sehemu ya alama hutokana na kazi inayosimamiwa na mwalimu darasani, kama ilivyo katika sanaa, tamthilia, na ubunifu na teknolojia. Sayansi za GCSE nazo hutaka majaribio ya maabara ambayo shule huyathibitisha. Ndiyo maana familia nyingi huchagua IGCSE, toleo la kimataifa la mtihani huo, ya bodi ya Cambridge au ya Pearson Edexcel, ambayo inaweza kufanywa yote kwa karatasi za kuandika. Cambridge ina karatasi maalumu inayochukua nafasi ya majaribio ya maabara. Hisabati ya GCSE haina tatizo hilo, kwa kuwa yote ni ya kuandika.

Orodha inayowafaa wengi ni Hisabati, Kiingereza, Bayolojia, Kemia, Fizikia, na Historia au Jiografia. Masomo 6 yaliyofanywa vizuri yanatosha. Usimrundikie mtoto 10 ili afanane na binamu yake.

Sasa tafuta kituo. Baraza la pamoja la bodi za mitihani, JCQ, hutangaza orodha ya vituo vinavyopokea watahiniwa wa kujitegemea. Piga simu kwa vituo 3 vilivyo karibu, hata kama mtoto ana miaka 8 tu, na uulize: mnapokea watoto wa nje? Ni bodi ipi mnayotumia? Ada kwa somo ni kiasi gani, na mwisho wa kujisajili ni lini? Ada hutofautiana sana na mara nyingi hupita pauni 100 kwa somo moja. Bodi inayotumiwa na kituo ndiyo itakayoamua ununue vitabu gani, kwa hiyo usinunue hata kimoja cha mtihani kabla ya kupata jibu hilo.

Kwa mtoto wa Mwaka wa 10 au wa 11 ushauri wangu ni mkali zaidi. Ukimtoa wakati huo unapoteza usajili wake wa mitihani shuleni na kazi za darasani alizokwisha kufanya, na huenda bodi ya kituo kipya ikawa na silabasi nyingine kabisa. Isipokuwa kama usalama au afya yake iko hatarini, mwache amalize.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi moja yenye masomo, bodi, jina la kituo, ada na mwaka wa mtihani.

## Hatua ya 4: Andika barua ya kumwondoa mtoto

Mtoto anayesoma katika shule ya kawaida huondolewa kwa taarifa. Huombi ruhusa, na mwalimu mkuu hana mamlaka ya kukukatalia. Kosa linalojirudia ni kuandika "naomba kibali", jambo linaloifungulia shule mlango wa kukuita kwenye vikao visivyokwisha huku mtoto akihesabiwa mtoro.

Iandike kwa Kiingereza, kwa maana hii:

*Mwalimu Mkuu, mimi ni mzazi wa (jina kamili), aliyezaliwa tarehe (…), wa darasa la (…). Nakujulisha kwamba baada ya tarehe (…) hatahudhuria tena shuleni kwako, na kuanzia hapo atapata elimu nje ya shule, kwa mujibu wa wajibu wangu chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996. Tafadhali ondoa jina lake kwenye daftari la uandikishaji na unithibitishie kwa maandishi.*

Tarehe ya mwisho ya mahudhurio isikosekane, kwa kuwa shule huliondoa jina baada ya siku hiyo kupita. Itume kwa baruapepe na uhifadhi nakala. Shule itaiarifu halmashauri. Hiyo ni kazi yake ya kawaida na isikutishe.

Mpaka siku hiyo ifike, mtoto aende shule kama kawaida. Anayembakiza nyumbani kwanza na kuandika baadaye hujiingiza kwenye faini za utoro: tangu Agosti 2024, shule hutakiwa kufikiria faini mtoto anapokosa vipindi 10 vya nusu siku bila ruhusa ndani ya wiki 10 za shule, na faini yenyewe ni pauni 80 ikilipwa ndani ya siku 21, au 160 ikilipwa ndani ya siku 28. Ikirudiwa kwa mtoto huyo huyo ndani ya miaka 3, ni 160 moja kwa moja. Faini hutozwa kila mzazi peke yake.

Barua hii pekee haitoshi katika hali mbili: mtoto aliyepelekwa na halmashauri katika shule maalumu, ambaye hahami bila idhini yake, na mtoto aliye chini ya amri ya kuhudhuria shule. Aidha, muswada wa ustawi wa watoto na shule uliowasilishwa Bungeni Desemba 2024 ulikusudia kuanzisha orodha ya lazima ya watoto wasio shuleni, na kudai kibali kwa watoto walio chini ya uchunguzi wa ulinzi. Soma ukurasa wa elimu ya nyumbani wa halmashauri yako wiki ile ile unayotuma barua.

Na fahamu kwamba nafasi ya shule haikusubiri. Ukibadili mawazo baada ya miezi 3, utaomba upya kama mgeni, na shule inayopendwa inaweza kuwa imejaa.

## Hatua ya 5: Panga wiki 12 za kwanza

Usinakili ratiba ya shule. Weka masomo matatu ya kila siku, yaani kusoma, kuandika na hesabu, kwa saa mbili hadi tatu kutegemea umri, kisha somo moja refu la kubadilishana: sayansi Jumatatu, historia Jumanne, na kuendelea. Oak National Academy ina masomo ya video ya bure kwa madarasa yote, na BBC Bitesize inafaa kwa marudio. Kwa mtoto wa sekondari, fuata silabasi ya bodi mliyoichagua kuanzia ukurasa wa kwanza, na karatasi za mitihani iliyopita, ambazo bodi huzitoa bure, zianze kutumika mapema.

Kuhusu lugha, wazazi huuliza kama wanaweza kufundisha kwa Kiswahili. Sheria haikutaja lugha ya kufundishia. Mwaka 1985, katika shauri lililohusu shule ya jamii ya Kiyahudi, Jaji Woolf alieleza kwamba elimu hufaa ikiwa inamwandaa mtoto kwa maisha ya jamii yake, mradi haimfungii njia ya kuchagua maisha mengine atakapokuwa mkubwa. Kwa hiyo historia ya Kilwa, mashairi na hesabu za kichwa zifundishwe kwa Kiswahili bila hofu, lakini mtoto asiyeandika insha ya Kiingereza kila wiki atakuwa amefungiwa njia hiyo hiyo.

Kila Ijumaa, jaza ukurasa mmoja wa daftari: tulichosoma, alichokiweza, kilichomshinda. Hifadhi kazi moja yenye tarehe kwa kila somo. Mwisho wa wiki 12, linganisha insha ya kwanza na ya mwisho. Kama hakuna tofauti inayoonekana kwa macho, badili mbinu mara moja, usingoje mwaka uishe.

## Hatua ya 6: Jibu halmashauri ipasavyo

Baada ya muda utapata barua inayouliza mtoto anasoma nini. Wengine hushauri kuinyamazia, kwa hoja kwamba maombi hayo ya awali hayakulazimishi kufungua mlango wala kujaza fomu. Hoja hiyo ni kweli nusu. Tangu shauri la Phillips dhidi ya Brown la 1980, imeeleweka kwamba mzazi akinyamaza, halmashauri inaweza kuhitimisha kuwa hakuna elimu inayotolewa. Hapo hutuma ilani chini ya kifungu cha 437, yenye siku zisizopungua 15 za kujieleza, na baada yake inaweza kutoa amri ya kumrudisha mtoto shuleni. Kuivunja amri hiyo ni kosa la jinai.

Jibu kwa ripoti ya kurasa mbili au tatu: malengo yenu, masomo na vitabu, mfano wa wiki moja, mifano ya maendeleo kutoka kwenye lile daftari, na jinsi mtoto anavyokutana na wenzake. Kumkaribisha ofisa nyumbani ni hiari yako. Ukipokea barua fupi inayosema elimu inafaa na kwamba watawasiliana tena baada ya mwaka, umefaulu.

## Hatua ya 7: Chagua msaada wa nje kwa tahadhari

Mwalimu wa ziada, darasa la kuogelea, madrasa ya jioni na kikundi cha familia nyingine vyote vinafaa. Hatari iko kwenye vituo vya mtaani vinavyopokea watoto kuanzia asubuhi hadi alasiri. Mahali panapotoa elimu ya muda wote kwa watoto 5 au zaidi wa umri wa lazima, au hata kwa mmoja mwenye EHCP, ni shule kisheria, na kuiendesha bila usajili ni jinai. Wizara huhesabu zaidi ya saa 18 kwa wiki za mchana kuwa muda wote. Omba namba ya usajili kabla ya kulipa. Kwa kijana wa miaka 14 hadi 16, ulizia vyuo vya elimu ya ziada vya eneo lako, kwa sababu vinaweza kumpokea mtoto anayesomeshwa nyumbani na masomo yakalipiwa na serikali, ingawa si kila chuo hufanya hivyo.

## Hatua ya 8: Sajili mtihani

Rudi kwenye kituo mwezi Septemba wa mwaka wa mwisho wa masomo. Mitihani hufanyika Mei na Juni, na bodi nyingi hufunga usajili mwezi Februari, lakini vituo hufunga mapema zaidi kwa watahiniwa wa kujitegemea, na anayechelewa hulipa ada ya ziada kama bado kuna nafasi.

Kama mtoto anahitaji muda wa ziada au chumba cha peke yake, lisemwe siku ya kwanza, kwani kituo chenyewe hupanga tathmini yake na huenda ikachukua miezi. Hakikisha jina kwenye fomu ni lile lile lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Majina yetu matatu huwachanganya, na cheti chenye jina pungufu husumbua chuoni. Omba upewe taarifa ya usajili kwa maandishi, ulinganishe namba ya kila karatasi na silabasi mliyoisoma, na kama kuna isiyolingana, mpigie ofisa wa mitihani siku hiyo hiyo, kabla ya mlango wa Februari kufungwa.